Neno la Kuagia

Watu wa Bredäng, huku Uswidi, hawapigi hodi. Mgeni hubonyeza namba kwenye mlango wa chini, husubiri kufuli livume kama nyuki, kisha hupanda ngazi; na mwenye nyumba huwa amejua tangu wiki iliyopita kwamba siku hiyo, saa hiyo, fulani atafika. Adelina hakulijua hilo alipokuja. Alikuwa mke wa mchungaji kutoka Kamachumu, na kwao kazi ya mke wa mchungaji ni miguu. Unakwenda kwa mjane, unakwenda kwa aliyejifungua, unakwenda kwa mgonjwa, unasimama uani unapiga hodi mpaka mtu aitikie kutoka migombani.

Dayosisi ndiyo iliyowatuma, yeye na mumewe Evodius na binti yao Asifiwe. Waswidi walikuja Buhaya zamani na Injili na dawa za vidonda. Sasa makanisa yao yalikuwa yamebaki na vinanda vikubwa na wazee wachache, na askofu akaona ni zamu ya wajukuu. "Nendeni mkachochee moto kule ulikotoka," aliwaambia siku ya kuwaaga, na akina mama wakapiga vigelegele. Moto wenyewe ulipofika ulikuta majengo marefu ya saruji, ngazi zinazonuka sabuni, na majirani ambao kabla ya kutoka huchungulia tundu la mlango kwanza, wahakikishe hakuna mtu wa kukutana naye.

Miezi ya mwanzo Adelina alipita mlango kwa mlango na sahani ya maandazi. Mmoja alimuuliza anauza nini. Mwingine aliipokea sahani, akafunga mlango, na kesho yake sahani ikakutwa sakafuni nje ya mlango wa Adelina, imeoshwa, tupu, bila hata salamu. Kwao sahani hairudi tupu. Aliitazama kwa muda mrefu.

Asifiwe alirudi shuleni siku moja akiwa amenuna. "Mama, sluta," alisema. Acha.

"Niache nini?"

Binti akajibu kwa Kiswidi, kama alivyozoea siku hizi, na Adelina akaokota maneno mawili matatu: wanacheka, mama yako, milango.

"Wewe ni mtoto wa mmisionari," Adelina akamwambia. "Kuchekwa ni sehemu ya posho."

Lakini maandazi aliyaacha.

Mtu wa kwanza kumfungulia mlango hakuwa Mswidi wa kuzaliwa. Walikutana kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako kila nyumba ina zamu yake ya kutumia mashine. Adelina alidhani mashine iliyo wazi haina mwenyewe. Alikuwa amekwisha jaza mashine mbili kanzu za Evodius na mashuka aliposikia mtu akikohoa nyuma yake. Alikuwa bikizee wa Kijapani, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, ameketi juu ya kapu lake la nguo, mikono magotini.

"Hii ni zamu yangu," alisema kwa Kiswidi cha polepole.

Adelina alianza kuzitoa nguo zikiwa zinachuruzika maji. Bikizee akamzuia kwa kidole.

"Acha zimalize. Ningekuwa Mswidi hasa, ningekwisha kukubandikia karatasi ya matusi ukutani. Lakini mimi ni nusu tu."

Walicheka. Jina lake lilikuwa Fumiko, na aliishi ghorofa ya pili, chini yao kabisa. Kabla mashine hazijasimama Adelina alikuwa amemfundisha kuitikia *marahaba*, akamweleza kwamba atamwita Bibi, apende asipende. Bibi alilipenda.

Tangu siku ile Adelina akawa anateremka kwake karibu kila siku. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndala alizowekewa, akaketi jikoni akimenya viazi au kukunja nguo, na Bibi akasimulia. Mume wake Torsten alikuwa amekwisha fariki, watoto hawakujaliwa. Torsten alikuwa mtoto wa wamisionari. Baba yake na mama yake walipelekwa Japani baada ya vita, wakapanga nyumba mwisho wa kichochoro kile kile alichokulia Fumiko, mji mdogo wa pwani, kati ya fundi wa miavuli na muuza maharage.

"Tulikuwa tunawatazama kama sinema," Bibi alisema. "Walianika nguo za ndani upande wa barabarani. Mama mmisionari aliingia kwenye hodhi la kuogea la mtaa na sabuni mwilini. Maji ya watu wote! Wanawake walitoka mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa, wakisema maji leo ni mazuri sana."

"Hawakumwambia?"

"Nani amwambie? Ni aibu kumwambia mtu."

Adelina alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akakumbuka sahani yake, akarudia viazi vyake.

Kila Jumamosi, Bibi aliendelea, mama yule alipita nyumba kwa nyumba kuwaalika watu ibadani. Na kila nyumba ilimjibu vizuri. Tutafikiria. Nafasi ikipatikana, tutafika. Mama yake Fumiko alisema hivyo hivyo, kwa uso mwema na kichwa chini. Katika kichochoro kile kila mtu, hata mtoto, alijua maana yake: hatuji. Ila yule mama hakujua. Aliamini. Jumapili ilipofika alitandika sebuleni mito ya kukalia, mmoja kwa kila aliyesema atafika, na mlango akauacha wazi hata wakati wa baridi.

"Dirisha letu lilikuwa linatazama sebule yao. Nilikuwa naiona ile mito. Jumapili baada ya Jumapili. Mwishowe niliionea huruma mito, nikaenda nikakaa juu ya mmoja." Bibi alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Watu huokolewa na Roho Mtakatifu. Mimi niliokolewa na mto."

"Na leo? Ukisema utafikiria?"

"Leo nikisema nakuja, nakuja. Nchi hii iliniponya uongo ule. Au ilinipa ugonjwa mwingine, sijui. Torsten alinitia adabu: hapa neno ni neno, Fumiko."

Adelina aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa hadithi ya Wajapani, naye aliisikiliza kama hadithi ya Wajapani.

Majira ya kupukutika majani, moyo wa Bibi ukaanza kuchoka. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba hauna matengenezo. Akapangiwa watu wa huduma za nyumbani, wanaoingia na kutoka asubuhi na jioni, kila siku sura nyingine. Sura moja Adelina aliifahamu: Milcah, Mkenya wa kanisani kwao, mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata anapomvisha mtu soksi.

"Huyu nyanya yako ni mkaidi," Milcah alimwambia Adelina ngazini. "Anataka kujivisha mwenyewe. Nikishika kifungo ananipiga kakofi hapa."

"Mwache ajivishe."

"Nikimwacha, nitamaliza wazee wangu lini, Mama Mchungaji?"

Kifo chenyewe Bibi hakukiogopa. Alichokiogopa alimwambia Adelina waziwazi, jikoni, mvua ikipiga kioo. Ghorofa ya tano kulikuwa na bwana mmoja aliyekufa kiangazi kilichopita, na hakuna aliyejua mpaka harufu iliposhuka ngazi. Majirani walidhani ni takataka. Walilalamikia takataka.

"Huko kwetu sasa ni hivyo hivyo, wazee wanakufa ndani kimya," alisema. "Mimi nimevuka dunia nzima, halafu nife kama kiatu kilichosahauliwa? Adelina, ukiona mwisho unakaribia, uwepo. Hilo tu. Huna haja ya kuomba kwa sauti. Uwepo."

"Nitakuwepo, Bibi," Adelina alisema, akamshika mikono yote miwili. Na alimaanisha. Wanawake wa kwao hawamwachi mtu akate roho peke yake. Hata mchawi hushikwa mkono.

Alhamisi moja ya Novemba alimkuta Bibi amevimba miguu, pumzi fupi, midomo imeingia rangi ya zambarau. Alimpikia uji mwepesi, akamkanda miguu. Alipokuwa mlangoni akifunga viatu, Bibi alikuja mpaka ukumbini akiushikilia ukuta.

"Kesho jioni utakuja?"

"Nitakuja, Bibi. Mungu akipenda."

Lilitoka kinywani kama linavyotoka siku zote. Kwao huondoki kwa mtu kwa kumwambia naondoka. Unasema nitakuja. Unasema nitapita kesho. Mwenyeji anasema karibu tena, tutakungoja, naye halazi ugali wako. Neno lile halina siku wala saa. Ni mkono wa mwisho unaowekwa begani ili kuachana kusiume. Anayelipokea analijua hivyo, na usipofika hakuna aliyedanganywa.

Bibi aliinamisha kichwa. "Jioni," alisema. "Basi."

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Baba yake Flaviana alikuwa amefariki Bukoba, na Flaviana, mwenzao wa kanisani anayeishi Hjulsta, alikuwa ameshindwa kupata ndege ya kuwahi mazishi. Watu walikuwa wanakusanyika kwake. Msibani mtu haalikwi, na mke wa mchungaji hangoji kusikia mara mbili. Adelina alipika sufuria la wali, akalifunga kwa kanga, akamwita Asifiwe amsaidie kulibeba mpaka stesheni.

Barabarani binti alisimama. "Si ulimwambia Fumiko utakwenda leo?" Siku ile alisema kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka kueleweka. "Nilikusikia. Mlango wetu ulikuwa wazi."

"Nilimwambia."

"Umempigia simu?"

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Kwamba huendi!"

"Asifiwe. Mtu hapigi simu kumwambia mtu kwamba haji. Ni kama kumtukana. Bibi ni mtu mzima, ataelewa kuna jambo limenipata. Nitampitia kesho."

"Mama, hapa ukisema unakuja, unakuja."

"Shika sufuria vizuri, linamwagika."

Hjulsta ni mwisho wa njia nyingine ya treni, upande wa pili wa jiji. Alimkuta Flaviana ameketi sakafuni kati ya wanawake, amefunga kanga kiunoni, simu mkononi, akitazama kwenye kioo kidogo jeneza la baba yake likiteremshwa katika udongo mwekundu. Mtandao ukikatika, wanawake walilia. Ukirudi, walinyamaza watazame. Mama mmoja wa Kikongo alikuwa akisema *courage, courage*, jipe moyo, akimpangusa jasho. Adelina aliimba, akagawa chakula, akaosha vyombo. Kuna wakati, mikono ikiwa kwenye povu, alihisi amani ambayo hakuwahi kuihisi tangu aje nchi hii. Hapa alikuwa na kazi. Hapa miguu yake ilikuwa na maana. Bibi alimpitia akilini mara moja, kama mtu anayepita dirishani, akasema moyoni, kesho.

Aliporudi Bredäng aliona taa ya jikoni ya ghorofa ya pili inawaka. Yuko macho, aliwaza, nisimsumbue. Akapanda.

Hakuna aliyejua baadaye kama taa ile ilikuwa inamwangazia mtu aliye hai au maiti.

Milcah ndiye aliyemkuta, Jumamosi, zamu ya asubuhi. Alipanda mwenyewe ghorofa moja akagonga kwa Adelina, na alipofunguliwa hakuwa na sauti ya kwaya.

"Keti kwanza, Mama Mchungaji."

"Sema."

"Nyanya ameenda."

Adelina hakuketi. "Jana usiku nani alikuja kwake?"

"Hakuna."

"Zamu ya jioni ilikuwa ya nani?"

Milcah alitazama sakafu. "Hata sipaswi kukuambia mambo ya ofisi. Aliikataa. Alipiga simu mwenyewe mchana, akasema leo msije, leo nina mgeni wangu. Wakamuuliza una hakika. Akasema nina hakika." Alipangusa pua kwa mkono wa sare. "Nilimkuta kwa kile kiti cha ukumbini, karibu na mlango. Amevaa ile nguo ya buluu, amejivisha mwenyewe, vifungo vyote. Mlango hakuwa ameufunga. Nikakanyaga ndala zako pale, amezigeuza zikiangalia ndani, mtu akiingia azivae tu. Nikadhani wewe ndiwe ulikuwa mgeni, nikadhani uko humo ndani. Nikaita jina lako."

Nyuma ya Adelina, Asifiwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Akaingia ndani akafunga.

Kwao Adelina angetandika mkeka. Angekaa na mwili, angeuosha, angewasha moto uani na watu wangejaa. Lakini mchana ule mwili ulichukuliwa na wanaume wawili wenye glavu, waliomsalimia kwa adabu, na jioni mwenye jengo akabadilisha kufuli. Hapakuwa na mahali pa kulilia. Siku ya pili alishuka akaketi kwenye ngazi, mbele ya mlango wa Bibi, na kanga yake ya msiba. Jirani alichungulia tundu lake, akaona kuna mtu, akangoja ndani. Adelina aliisikia pumzi yake nyuma ya mbao. Mwishowe aliinuka ili mtu wa watu aweze kwenda kazini.

Mazishi yalifanyika wiki nyingi baadaye, kama ilivyo desturi yao, watu wakiwa wamekwisha kauka machozi. Evodius alihubiri. Alisema dada yetu Fumiko hakuwa peke yake saa ile, alikuwa na Bwana. Watu wanane waliitikia amina. Mlangoni Flaviana alimkumbatia Adelina, akasema wanayosema wote: pole, kazi ya Mungu haina makosa.

Nyumbani Evodius alivua kola yake polepole. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa amengoja siku hii ipite ndipo aseme.

"Mama Asifiwe, unajitesa bure. Ulikuwa kwenye kazi ya Mungu, kule msibani. Na Bibi ulimwambia vizuri, Mungu akipenda. Basi, hakupenda."

"Usimtie Mungu hapo."

"Nasema tu kwamba..."

"Mungu hakupanda treni kwenda Hjulsta, Baba Asifiwe. Nilipanda mimi. Na sufuria nilibeba."

Evodius aliifungua Biblia yake, akaifunga.

Baada ya hapo Adelina alibadilika, na kanisani walikuwa wa kwanza kuona. Wakati wa kahawa baada ya ibada Milcah alisema, kama watu wanavyosema, "Nitakupitia wiki hii, tuongee." Adelina akamuuliza, "Siku gani?" Milcah alicheka. Adelina hakucheka. "Kama huji, usiseme." Mama wa Kikongo alimwalika kwenye ubatizo, akajibu mbele ya watu, "Sitakuja." Hakusema nitajitahidi, hakusema tutaona. Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni mwa mtu.

"Mama Mchungaji amekuwa Mswidi," walisema nyuma yake. Wengine walimpa jina, Mama Sitakuja, na likamfaa, maana alikuwa mtu wa kwanza kati yao ambaye neno lake ungeweza kulitegemezea ukuta, na ambaye hakuna aliyetaka kuagana naye. Miguu yake ilipungua safari. Akimwambia mtu kwamba atakwenda kwake, alikwenda, hata katika theluji, hata akiwa na homa. Lakini aliwaambia wachache.

Asifiwe peke yake hakumtania. Alianza kumjibu mama yake kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Februari mama yake Adelina alipiga simu kutoka Kamachumu. Macho yalikuwa yamefifia sana sasa. Mjukuu mmoja ndiye aliyemtafutia namba. Waliongea Kihaya, habari za migomba, habari za ng'ombe, nani kazaa na nani kazikwa. Kisha bibi kizee akauliza alichopigia.

"Pasaka utakuja?"

Adelina alijua kwamba hawangeweza kwenda. Evodius alikuwa amekwisha kataliwa likizo. Alijua pia jibu linalongojwa, tamu, jepesi, lisilomgharimu mtu chochote.

"Sitakuja, Mama."

Upande wa pili kulikuwa na kuku, na mtoto akifukuza kuku.

"Sijakuuliza ili unijibu hivyo," mama yake alisema hatimaye. "Sema utakuja. Mimi nitajua mwenyewe."

Adelina alifungua kinywa. Aliona ukumbi, kiti, nguo ya buluu. Alilitafuta neno, na kweli alitaka kulitoa, maana ni mama yake na macho yake yalikuwa yanakwisha, lakini neno lilikuwa limekufa, na mtu hasemi kwa neno lililokufa.

"Siwezi, Mama."

"Basi." Sauti ya kizee ilijikusanya, ikawa ya adabu, kama inavyokuwa mtu anapoaga mgeni. "Haya, mwanangu. Kesho jioni nitakupigia tena."

Kesho yake, jioni, Adelina alikataa kwenda na mumewe kwenye mazoezi ya kwaya. Aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, simu mapajani, sauti yake ameifungua mpaka mwisho. Alikuwa anajua kabisa. Asifiwe alimletea chai, ikapoa. Nje theluji iliendelea kushuka juu ya reli, treni zikija na kuondoka, na Adelina akaendelea kungoja.

Simu haikulia. Hakukuwa na ubaya wowote. Mama yake alikuwa ameaga tu.